Mama mdogo alikwenda kwa choo, daktari akauliza mkojo

"Mwanangu, mbona huyu ananiuliza mkojo? Mwambie mimi nimekuja kwa kufunga choo."

Mama mdogo alininong'oneza kana kwamba daktari angetuelewa. Tulikuwa kwenye chumba cha uchunguzi cha hospitali moja ya tiba ya Kichina hapa Guangzhou. Yeye kavaa baibui lake, mkono kauweka juu ya kijimto, na vidole vitatu vya daktari vimetulia kwenye kifundo cha mkono vikisikiliza mapigo. Mimi ndiye mkalimani. Kazi hiyo naifanya siku zote kwa wafanyabiashara wanaotoka Kariakoo na Nairobi kufuata mzigo, na kubishana bei ya vigae kwa Kichina hakunisumbui. Lakini kumgeukia mdogo wake mama yangu, aliyenilea, nikamuuliza choo chake kina sura gani?

Kwetu mtoto hamuulizi mzazi habari za msalani.

Niliuliza, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine. Maswali hayakwisha. Usiku anaamka kukojoa mara ngapi? Mkojo ni mweupe au wa njano? Miguu inapata baridi? Na kiuno? Anakohoa? Choo kikitoka, kimekauka tangu mwanzo au mwanzo tu? Na akishatoka msalani anasikia nafuu, au anachoka?

Hilo la mwisho hakunisubiri nimalize kulitafsiri. "Nachoka. Lazima nijilaze kwanza."

Daktari akatazama ulimi wake, akaandika. Tulipofika dirisha la dawa nikaisoma ile karatasi mstari kwa mstari. Hamkuwa na dawa ya kusukuma choo hata moja.

Wiki kadhaa zimepita na lile swali la mkojo halijanitoka.

## Sanamaki ya kila jioni

Mama mdogo ni mtu wa Unguja. Madaktari wa Kichina si wageni kwake, kwani timu zao kutoka jimbo la Jiangsu zinakuja Zanzibar tangu 1964, na watu wa rika lake wengi wamepitia mikononi mwao. Imani alikuwa nayo kabla hajapanda ndege.

Alichokuja nacho kingine ni mfuko wa sanamaki.

Kwa miaka mingi sasa, choo kikimfunga anachemsha sanamaki jioni na asubuhi mambo yanakwenda. Mwanzoni ilikuwa mara moja moja. Baadaye ikawa kila wiki, kisha karibu kila jioni, na kiasi nacho kikiongezeka. Siisemi vibaya sanamaki. Ni dawa ya kweli, hata hospitali wanaitoa kwa vidonge, na inavyofanya kazi kunajulikana: bakteria wa utumbo mpana huivunja, kinachotoka humo kinausukuma utumbo ujikaze, na ndiyo maana inachukua usiku mzima. Wachina nao wanayo kwenye makabati yao. Wanaiita fanxieye na wanajua kuwa ilitoka ng'ambo.

Kwa hiyo nilidhani tutapewa sanamaki ya Kichina, iliyo kali zaidi. Nilidhani tutapewa dahuang.

## Mzizi wa manjano

Dahuang ni mzizi mchungu wa rangi ya manjano, na nguvu yake inatokana na kemikali za jamii moja na zile za sanamaki. Kwa karne nyingi Wachina waliuuza nje kama walivyouza majani ya chai. Mwaka 1839, wakati wa ugomvi wa kasumba, kamishna Lin Zexu alimwandikia Malkia Victoria barua akiitaja chai na dahuang kuwa vitu ambavyo wageni hawawezi kuishi bila kuvipata kutoka China. Wakati huo ilidhaniwa kwamba bila mzizi huo wageni wangefunga choo.

Umaarufu wa mzizi huo ndani ya tiba yenyewe unaanzia kwa Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa enzi ya Han, yapata mwaka 200. Kitabu chake, Shanghan Lun, kinafundishwa mpaka leo. Humo mna dawa inayoitwa Da Cheng Qi Tang: dahuang, chumvi ya mangxiao, gome la mti wa houpo, na danzi changa zilizokaushwa. Dahuang inatiwa baadaye, gome na danzi vikiwa vimeshachemka, kwa sababu ikichemka sana ukali wake unapungua.

Nilipoisoma sura hiyo, ukali wa dawa haukunishangaza. Kilichonishangaza ni jinsi anavyokuwekea masharti kabla hajakuruhusu kuitumia. Mgonjwa awe na homa, tumbo limejaa, gumu, linauma likibonyezwa. Huyo ndiye wa kusukumwa.

Halafu unakuta mgonjwa mwingine, naye choo chake ni kigumu vilevile. Ila huyu ametoka jasho jingi, mkojo wake unatoka bila shida, maji ya mwili yamemwishia. Zhang anasema huyu usimshambulie hata kama choo ni kigumu. Subiri mpaka yeye mwenyewe asikie haja, kisha chukua asali, ipike mpaka iwe nzito, ifinyange iwe ndogo kama kidole, umwekee kwa njia ya nyuma.

Asali.

Huyuhuyu aliyetupa ile dawa kali anamwendea mtu huyu kwa upole wote huo. Na kilichowatenganisha wagonjwa hao wawili kilijulikana kwa kuuliza jasho na mkojo.

## Maji yamekwenda wapi

Mahali pengine kitabuni anataja mtu anayekojoa mara kwa mara huku choo chake kikiwa kikavu. Maelezo yake ni kwamba wengu umebanwa, haugawi maji ya mwili inavyotakiwa, hivyo maji yanakimbilia kwenye kibofu na utumbo unabaki mkavu. Dawa yake ni Ma Zi Ren Wan, vidonge ambavyo kiungo chake kikuu ni mbegu zenye mafuta za mmea wa jamii ya bangi (msishtuke, mbegu hazileweshi). Ndani mna kiini cha aprikoti, mzizi wa baishao, na dahuang pia.

Basi daktari wetu hakuwa amepotea njia. Alikuwa akiyafuata maji.

Wu Jutong, tabibu aliyeandika mwaka 1798 juu ya maradhi ya homa, alilipeleka wazo hilo mbele zaidi. Mgonjwa ambaye homa imemkausha, choo kimegoma, ukimpa dawa ya kusukuma unamkausha zaidi. Yeye akampa mizizi mitatu ya kurudisha unyevu, bila kitu cha kuharisha. Madaktari wa China wanaufafanua uamuzi wake kwa mfano wa chombo kilichokwama kwenye mto uliopwa: ongeza maji, chombo kitaelea chenyewe. Mtu yeyote aliyekulia pwani ameziona ngalawa zimelala ubavu kwenye matope zikisubiri maji yajae, na hakuna anayehangaika kuzivuta.

Na mama mdogo? Kwake maji hayakuwa tatizo kubwa. Anaamka usiku kukojoa, mkojo mweupe, miguu na kiuno baridi hata kwenye joto la Guangzhou, na akitoka msalani nguvu zimemwishia. Kwa Wachina hizo ni dalili za yang ya figo, yaani nguvu yake ya joto, kufifia kwa uzee. Joto la kusukuma halipo. Kwenye karatasi yake niliikuta dawa ya tabibu mwingine, Zhang Jingyue, iliyomo katika kitabu chake cha 1624. Inaongozwa na roucongrong, mmea wa jangwani unaoishi kwa kunyonya mizizi ya mimea mingine, ikisaidiwa na mizizi ya danggui na niuxi. Ndani yake mna pia shengma, ambayo kazi yake ni kupandisha juu. Wanaamini kwamba kwa mtu dhaifu, kilicho chini hakishuki mpaka kilicho safi kipandishwe kwanza.

Jingyue aliitunga kwa ajili ya watu waliodhoofika, wale ambao choo kinahitaji kutoka lakini mwili hauvumilii kusukumwa.

Nililisoma hilo nikafikiria zile jioni zote za sanamaki.

## Kansela aliyekataa

Kuna hadithi ambayo matabibu wa China wanaipenda, nami nimeipenda. Cai Jing, kansela mwenye nguvu wa enzi ya Song aliyefariki mwaka 1126, alifungwa choo. Madaktari wa kifalme walishindwa, maana yeye dahuang hakutaka hata kuisikia. Akatokea tabibu ambaye bado hakuwa na jina, Shi Kan. Walinzi wa lango walimsumbua kabla ya kumruhusu aingie. Akashika mapigo, kisha akaomba senti 20 tu.

Za nini? Za kununua ziwan.

Ziwan ni dawa ya kikohozi. Aliisaga, akampa kansela anywe, na choo kikafunguka muda mfupi baadaye. Cai Jing alipomuuliza imekuwaje, Shi Kan alieleza kuwa utumbo mpana ndio njia ya pafu ya kupitishia, na choo kilifunga kwa sababu pumzi ya pafu ilichafuka. Alisafisha juu, chini pakafunguka.

Sina njia ya kujua kama ilitokea hivyo. Hadithi za matabibu hodari hunoga kadiri zinavyosimuliwa. Lakini pafu na utumbo mpana kuwa jozi ni msingi wa tiba hii tangu Huangdi Neijing, kitabu cha kabla ya Kristo, kinachouita utumbo mpana ofisa wa usafirishaji. Ndiyo maana mama mdogo aliulizwa kama anakohoa.

## Hapa ndipo niliposita

Nimekuwa nikiandika kana kwamba yote haya yamekwisha kunikaa moyoni. Hayajakaa.

Figo ya Zhang Jingyue si ile inayopimwa hospitali kwa kreatinini ya damu. Kwake figo ni mkusanyiko wa kazi: uzazi, mifupa, joto la mwili, kufunga na kufungua njia mbili za chini. Wengu wake nao unahusu kusaga chakula. Mtu anaweza kuielewa lugha hiyo na akaona inavyozikusanya dalili za mzee mmoja mahali pamoja. Lakini kukusanya dalili si kuthibitisha sababu. Ningependa kuona mahali ambapo maelezo hayo yanaweza kushindwa, yaani mgonjwa ambaye tiba hii itamtazama na kusema huyu hatumuelewi. Vitabuni sikumkuta.

Hofu yangu kubwa ni nyingine. Kati ya aina za kufunga choo zinazofundishwa, moja inahusishwa na upungufu wa damu: uso umepauka, kizunguzungu, choo kikavu. Ina dawa zake za kulainisha, na mgonjwa anaweza kupata nafuu kweli. Sasa mchukue mtu wa miaka 60 na kitu, choo chake kimebadilika, amepauka. Daktari wa hospitali atauliza damu imekwenda wapi, kwa kuwa saratani ya utumbo mpana inaweza kuvuja kidogo kidogo kwa miezi bila mtu kuona chochote chooni. Dawa ya kulainisha itampa mtu huyo faraja, na faraja hiyo itamchelewesha.

Nilikuwa nimeliandaa swali hilo nimuulize daktari kabla hatujatoka. Hakunipa nafasi.

Alikuwa ameshaandika karatasi ya pili: kipimo cha damu, na kamera ya utumbo mpana, ghorofa ya tatu, jengo lilelile.

Huko nyumbani tumezoea kuviona vitu hivi kama kambi mbili zinazotukanana: hospitali upande mmoja, majani upande wa pili. Huyu aliyeshika mapigo kwa vidole vitatu alisomea pia anatomia, na hospitali za tiba ya Kichina za hapa zina maabara, picha na vyumba vya kamera. Kamera haikuonyesha cha kutisha. Damu ilikuwa sawa.

Na kwa kuwa damu ilikuwa sawa, daktari akaomba kuona dawa zote anazotumia. Mama mdogo akafungua mkoba. Mlikuwa na vidonge vya presha, na vidonge vya chuma ambavyo aliandikiwa zamani kuongeza damu na akaendelea kuvinunua mwenyewe. Chuma hufunga choo, kila mama mjamzito anajua. Daktari akavisogeza kando.

Hilo ndilo lililogeuza mawazo yangu kuliko roucongrong. Tulikuwa tumebeba sababu moja mkobani kutoka Unguja, na iligunduliwa kwa sababu mtu alikaa chini akauliza mpaka mwisho.

## Namba zinavyosema

Nilizitafuta namba, kwa sababu hadithi ya kansela hainitoshi.

Mwaka 2016 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 15 za China, wagonjwa 1,075 wenye kufunga choo kwa muda mrefu na kwa ukali. Nusu walichomwa sindano zenye umeme mdogo mahali panapostahili, hasa tumboni pande mbili za kitovu, mara 28 ndani ya wiki 8. Nusu nyingine walichomwa juujuu, mahali pasipohusika, bila umeme. Waliofikia kupata choo kamili mara tatu au zaidi kwa wiki walikuwa asilimia 31.3 upande wa kwanza na 12.1 upande wa pili. Matibabu yakiwa yamekwisha, miezi michache iliyofuata tofauti ilibaki.

Napenda namba hizo kwa kuwa hazijipambi. Sindano zilisaidia, na bado theluthi mbili hawakufikia kiwango hicho. Wachomaji pia walijua nani anachomwa ipi, jambo lisiloepukika.

Vile vidonge vya mbegu vya Zhang Zhongjing vilipimwa Hong Kong, na matokeo yakatoka 2019. Wagonjwa 291 waligawanywa mafungu matatu: vidonge vya mbegu, sanamaki, na dawa bandia. Walioboreka walikuwa asilimia 68, 57.7 na 33. Wakati wa matibabu, vidonge na sanamaki havikuachana sana. Baada ya kuacha, kundi la mbegu ndilo lililobaki na nafuu zaidi. Na tazama hao wa dawa bandia: mmoja kati ya watatu aliboreka kwa kuhudumiwa tu na kusubiri.

Lakini wagonjwa wa Hong Kong walichaguliwa mapema kwa vigezo vya Kichina, ni wale ambao mwili wao una ziada, si upungufu. Mama mdogo na miguu yake baridi asingepokelewa. Kwa hiyo asilimia 68 ile haimhusu, na mtu akimuuzia vidonge hivyo kwa kuinukuu atakuwa amemdanganya.

## Kuhusu ile karatasi

Mama mdogo amerudi Unguja. Vidonge vya chuma aliviacha baada ya kuzungumza na daktari wake wa huko. Sanamaki ipo kabatini, anaitumia kwa nadra. Dawa ya kuchemsha aliimaliza hapa Guangzhou. Asubuhi anakunywa uji wa moto, kisha anakwenda kukaa msalani bila haraka, miguu juu ya kigoda kidogo. Wachina wanasema saa kumi na moja mpaka saa moja asubuhi ni wakati wa utumbo mpana, na madaktari wa hospitali wanasema utumbo huamka mtu akishastaftahi. Yeye alfajiri yuko macho kwa sala hata hivyo, hivyo pande zote mbili zimempata.

Choo kinatoka. Kwa kipi kati ya hivyo vyote, siwezi kusema.

Tangu niliposimulia habari hii kwa ndugu, wengi mmeniomba picha ya karatasi ya dawa. Sitaituma. Dawa ile ni ya moto. Kijana mwenye choo kigumu, mdomo mkavu, uso mwekundu na mkojo wa njano ataongezewa joto ambalo tayari analo. Niuxi iliyomo humo, kwa mafundisho ya Wachina wenyewe, mjamzito hapewi. Na ukiwa umeona damu, au unakonda bila sababu, au umevuka miaka 50 na choo chako kimebadilika ghafla, kamera ndiyo ya kutangulia, na siku hizi si lazima uifuate China.

Wengine niandikieni, lakini mniambie kwanza mnatumia dawa gani, na usiku mnaamka mara ngapi.